Kondoo wa Osh

Kwenye basi dogo la kwenda uwanja wa ndege wa Bishkek, Bibi Burulkan alikaa mbele yangu. Alikuwa anakwenda Osh kwa wakwe wa bintiye, na basi zima tulishajua.

"Kwa gari ni kutwa nzima milimani," alimwambia jirani yake, mwanamume mwenye mkoba. "Tukifika Toktogul, katikati ya njia, nawapigia, wanachinja kondoo. Nikifika, nyama imeiva. Sasa mwanangu kanikatia tiketi ya ndege."

"Dakika arobaini tu, mama. Si raha hiyo?"

"Raha gani? Nitamkuta kondoo anakula majani. Wakwe waaibike bure."

"Si uwapigie sasa hivi?"

"Nikiwa bado Bishkek? Hiyo si salamu, baba, ni kuagiza nyama."

Jamaa akageukia dirisha, akaanza kuipenda milima.

Tuliposimama uwanjani, dereva akatuambia ndege ya Osh imekwama kwa ukungu wa huko Osh mpaka alasiri. Wote tukaguna. Bibi Burulkan akatoa simu, akatia huzuni kwenye sauti.

"Mkwe wangu, tumecheleweshwa. Tafadhali, msijisumbue na chochote."

Akakata simu, akatugeukia anang'aa.

"Sasa kondoo anachinjwa."