Risasi Isiyovunjika

Baridi ya kijiji hiki humgandisha ng'ombe akiwa amesimama, kwa hiyo kijiwe hakiko nje. Kiko ndani ya nyumba ya mtambo unaopasha joto kijiji kizima: benchi moja kati ya lundo la makaa na bomba la moto, na juu ya bomba birika la chai ya maziwa. Siku hiyo walikuwapo watatu. Brigedia, aliyewahi kusimamia wawindaji wa shamba la serikali, na mpaka leo anaamrisha hata paka. Mkemia, mchochea makaa, aliyejitengenezea baruti akabaki na unyusi mmoja. Na Uybaan, aliyeitwa Sindano kwa sababu ngozi anazoleta huwa na vitundu vya sindano. Magotini alikuwa na ngozi ya mbweha mwekundu aliyempiga jana. Siku ile ile rafiki yake Keskil alikwenda kuwinda, na hakurudi. Kijiji kilikuwa porini kinamtafuta. Brigedia miguu ilishamwisha nguvu, Mkemia haachi moto wake, na Sindano alisema ana homa. Hakuwa na homa. Na wanaume wakiogopa jambo, huzungumzia vyuma.

— Tundu dogo la kuingilia, dogo la kutokea, alisema Brigedia. Umetumia nini, mchawi wewe?

— Risasi ya ganda gumu, alijibu Sindano. Shaba mpaka puani. Haivunjiki.

— Ndiyo yenyewe! Ile ya kichwa laini ikishaingia inachanua kama uyoga. Nusu ya mbweha unaleta nyumbani, nusu unawaachia kunguru. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

— Guu limeingiaje hapa, mzee? Mkemia alidakia. Dawa ni kupunguza baruti. Risasi ikienda taratibu inaingia kwa adabu. Mwenda pole hajikwai.

— Kwa mwendo huo mbweha ataikwepa, kisha akutukane, alisema Brigedia.

— Basi ipake mafuta ya dubu. Ikipita, manyoya yanajifunga nyuma yake kama maji. Babu yangu alifanya hivyo.

— Babu yako aliwinda panya wa ghalani! Sikilizeni niwaambie. Mbweha apigwe akiwa amekupa mgongo. Tundu analo, kazaliwa nalo. Risasi iingilie huko, itokee mdomoni. Ngozi haina hata mkwaruzo!

Mkemia alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Sindano naye akacheka. Lakini kichwani alikuwa anamwona mbweha yule wa jana amekaa kwenye barafu ya ziwa, na nyuma yake ukungu mweupe umefunika ng'ambo yote. Alipiga. Mlio ulipokwisha alisikia mbwa analia ng'ambo, mara moja tu. Akajiambia ni mwangwi. Mwangwi gani unalia kama mbwa?

— Chai yako inapoa, Sindano, alisema Brigedia. Homa?

— Homa.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Tuyara, mke wa Keskil, kope zimeshikana kwa barafu.

— Napasha mikono tu, narudi, alisema. Tumepita mtoni kote, mpaka kibandani kwake. Hakuna hata alama ya mbwa wake.

— Kaa, mwanangu, kunywa chai, alisema Brigedia. Keskil si mtoto. Atakuwa kafuata nyayo.

Alipokea kikombe, hakunywa. Macho yake yaliiangukia ile ngozi, na mkono, kwa mazoea ya mke wa mwindaji, ukaipapasa. Kidole chake kidogo kiliingia katika tundu. Akaigeuza, akaona la pili.

— Imetoka upande wa pili.

— Imetoka safi! Brigedia alijisifia utadhani kapiga yeye. Hiyo ni ganda gumu, mwanangu. Haichani kitu, haibaki mwilini.

— Ilipotoka ilikwenda wapi?

Aliuliza vile mtu anavyouliza bei ya chumvi. Mkemia alishika koleo akaenda kuchochea moto usiohitaji kuchochewa. Ndipo Tuyara alipomtazama Sindano usoni, akaweka kikombe benchini.

— Shemeji, alisema.

Sindano aliiacha ngozi ikaanguka kwenye vumbi la makaa. Akavaa koti, akakosea vifungo, akaviacha hivyo hivyo.

— Mtoni hayuko, shemeji. Twende ziwani.