Miguu Iliyomtangulia Fundi Romani

Hakuna aliyesalimiana na marehemu Romani Alfonsi bila kutolewa uzi begani. Hata vidole vyake vilipoanza kutetemeka, aliutafuta kwanza huo uzi, akaupeperusha, ndipo akauliza habari za nyumbani.

Romani alizaliwa Milanzi tarehe 12 Machi 1951. Alimaliza darasa la saba mwaka 1966, kisha akajifunza ushonaji kwa Mzee Adolfu. Mwaka 1973 aliweka cherehani yake mtaani Chanji, akawa fundi wa sare za shule.

Tarehe 4 Oktoba 1975 alifunga ndoa na Kristiana. Mbele ya altare aliinama, akakata kwa meno uzi uliochomoza begani kwa bibi harusi. "Nisamehe, Padre," alisema, "gauni hili nimelishona mwenyewe." Kanisa zima lilicheka, na Padre naye.

Mitumba ilipojaa sokoni, wateja walipungua. Waliobaki, wengi walimlipa kwa kimpumu, pombe yetu ya ulezi, naye hakumrudisha mtu. Baadaye ikawa gongo kila asubuhi, ili mkono utulie apate kutunga uzi kwenye sindano.

Mwaka 1993 nyayo zilianza kumwaka moto, kisha zikafa ganzi. Cherehani ikamshinda, kwa sababu hakujua tena kama mguu uko juu ya pedeli au umeteleza. Daktari alieleza kwamba pombe ilikuwa imeharibu mishipa ya fahamu. Akiiacha mapema, angeweza kupata nafuu. Ndugu waliona amekanyaga dawa iliyotegwa njiani na mtu mwenye wivu, wakampeleka kwa mganga upande wa Kirando. Huko alipewa unga wa mizizi, wa kunywa ndani ya kimpumu asubuhi na jioni. Vidonge vya daktari vilibaki dirishani. Ule unga aliunywa miaka miwili, akishikiwa kibuyu na watu waliompenda.

Kumbukumbu nayo ikaanza kumtoka. Katika baridi ya Julai mwaka huu alisogeza miguu kwenye jiko la mkaa. Kristiana, aliyekuwa uani, ndiye aliyesikia harufu. Mwenye miguu alikuwa akiendelea na mazungumzo. Vidonda havikupona. Alifariki tarehe 9 Agosti 1997.

Ameacha mjane, watoto wawili, Vicent na Evodia, na mdogo wake, Mwalimu Hellena. Mungu ampe pumziko ambalo mwili wake ulimnyima.

Jioni ya mwisho Hellena alimwosha miguu, akafunga vidonda, akamwaga maji. Romani alikuwa akimtazama muda wote.

"Anza basi, mdogo wangu," alimwambia. "Maji yatapoa."