Mama Mkwe Katikati ya Mbio

Benchi la nje ya kinyozi asubuhi ile lilikuwa na kesi. Gia, fundi pikipiki, alishika kikombe cha kahawa bila kunywa. Jana yake alasiri alishindana na Maziwa, yule anayesambaza maziwa kwa pikipiki, kutoka kituo cha mafuta hadi darajani. Gia alikuwa mbele kabisa, mara akamwona mama mkwe wake anavuka barabara. Akafunga breki, akazima injini, akamwamkia. Mama akauliza habari za nyumbani, za mmoja baada ya mwingine, mpaka za kuku. Alipomaliza, Maziwa alishafika darajani na kurudi.

— Umeshindwa, alisema Maziwa. Anayeweka mguu chini, yamekwisha. Ndiyo sheria.

— Nani aliiandika?

— Haijaandikwa. Ndiyo maana haifutiki.

Sheria hiyo hiyo inasema mshindwa humwoshea mshindi pikipiki hapo hapo kijiweni, watu wakitazama. Nani atampelekea kazi fundi aliyeonekana akisugua rimu za Maziwa?

Wembe, kinyozi, akachungulia mlangoni. Mteja wake alibaki ndani, kichwa nusu.

— Ngojeni. Si mtu akivuka wote mnasimama? Maziwa, ulisimama?

— Nilipunguza.

— Ulipunguza nini, na mtandio wa mama wa watu uliruka?

— Angekuwa mkwe wangu ningesimama. Yule ni wake.

— Basi ulimpanga, alisema Wembe. Kwake si unapeleka maziwa kila siku? Ulimwambia avuke saa ile.

— Mimi? Huyu pikipiki yake ilishaanza kukohoa, akatafuta mkwe wa kusingizia.

— Mkwe hatafutwi, alisema Gia. Anatokea tu.

Wembe akafikiri, mkasi ukichezacheza hewani.

— Kumbe mshindi ni mama. Nyote wawili mlimkuta yuko mbele yenu.

Kabla hawajaipima hiyo, mama mwenyewe akatokea na kikapu chake. Wote wakainuka.

— Shikamoo mama.

— Marahaba wanangu. Mkwe, jana tuliongea sana, nikasahau kukuuliza. Mlikuwa mnawahi wapi?

Gia akamtazama Maziwa. Maziwa akamtazama Wembe. Wembe akakumbuka ana mteja.

— Darajani, mama, alisema Gia hatimaye.

— Kuna nini darajani?

Maziwa akakohoa. Gia akakiweka kikombe benchini.

— Basi kama hakuna anayewahi, nipeleke sokoni. Polepole, mgongo unaniuma.

Gia akampakia, wakaondoka mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Maziwa naye akawasha, madumu yakigongana, wateja wakimsubiri upande ule ule. Alipotaka kuwapita, mama akageuza shingo, akamwangalia tu. Maziwa akapunguza mwendo, safari hii kweli, akawafuata nyuma nyuma hadi sokoni.