Jina la Masika

Chaki kwenye mkono wa koti ilimchongea mwalimu Byamukama, naye alitaka kusinzia tu mpaka Bwera. "Nyinyi walimu," akaanza mama aliyeketi naye kwenye teksi, "munarudisha Masika yangu darasa ya pili." Akajibu kwa uchovu, "Kama hajui kusoma, mama, arudie." "Atakutana na mudogo yake, Biira." "Vizuri, watasaidiana."

"Wewe si Mukonzo. Kwetu Masika ni jina ya binti ya kwanza, Biira ya pili. Mukiita majina, darasa yote itajua mukubwa iko nyuma."

Miaka kumi na miwili Byamukama alikuwa akiita majina hayo kila asubuhi, akidhani ni majina tu. Teksi ikasimama. "Haya, arudie," mama akasema akishuka, "lakini mumubadilishie na jina."