Mzee Sulo Haverinen na Dakika Nne za Irja

Mzee Sulo Haverinen alizaliwa tarehe 14 Machi 1934 kijijini Ruhtinaansalmi, Suomussalmi, mtoto wa tatu wa Frans na Elma Haverinen. Vita vilimkatiza shule mara mbili. Kusoma nota alifundishwa jikoni na mama yake, kwa kinanda cha kukanyaga. Mwaka 1957 alihitimu chuo cha muziki Helsinki, akaajiriwa mpiga kinanda wa usharika mjini Kajaani, kazi aliyoifanya miaka thelathini na tisa.

Tarehe 25 Juni 1960, sikukuu ya Yohane, alifunga ndoa na Lahja Moilanen. Walijaliwa mabinti wawili: Irja, na Tuija anayesoma wasifu huu leo mazishini.

Januari 1964, familia ikiwa kwa wakwe shambani, Irja alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Alikuwa na miaka miwili na miezi minane. Theluji ilikuwa imefunga njia. Marehemu alishinda kutwa amempakata, akimwimbia sauti isiyo na maneno, maana dawa nyingine hakuwa nayo. Gari la kuondoa theluji lilipofika, mtoto alikuwa amekwisha kata roho.

Sauti ile aliiandika majira ya kuchipua, kipande cha fidla na kinanda, dakika nne tu, akakiita “Kwa Irja”. Kilipigwa redioni mara moja, na tangu hapo kila mfiwa akakitaka. Mpigaji alikuwa yeye.

Mama alimwambia, “Sulo, wakatalie.”

“Niwaambieje, Lahja? Kwamba msiba huu ni wangu, wao watafute wa kwao?”

Basi akawa anakipiga mbiombio. Siku moja mchungaji alimfuata kwenye kahawa ya baada ya mazishi: “Leo umetukimbiza mpaka kaburini!”

“Nje kuna baridi, mchungaji. Nimewahurumia wachimbaji.”

Tarehe 3 Novemba 2011 kiharusi kilimnyang'anya maneno yote. Mwezi Januari, redio ya wodini ikapiga kipande kile. Akainua mkono wa kushoto, macho yamemtoka. Tuija akairukia redio.

“Baba, nizime? Au niongeze sauti?”

Mdomo ukahangaika, ikatoka pumzi tu.

“Fumba macho kama nizime!”

Akafumba. Akafumbua. Akafumba tena. Tuija alibaki kidole juu ya kitufe, hakuzima wala hakuongeza, mpaka kipande kikaisha chenyewe.

Mzee Sulo alifariki dunia asubuhi ya tarehe 9 Februari 2012.

Tulimuuliza mama kama leo kipigwe. Akasema, “Mwanangu, miaka yote hii nimelala naye kitanda kimoja, na sijui.” Tumeamua kipigwe baada ya wasifu huu. Hatuna uhakika.

Ameacha mjane, Lahja, binti, Tuija, mkwe, Jorma, wajukuu, Saija na Ilmo, na dada yake, Vieno. Anazikwa kando ya Irja.

Pumzika, baba. Na kama tumekosea, tusamehe.