Mgawaji wa Sinia Moja

Ndani ya basi la Bunda kwenda Musoma, ndugu mmoja, Magige, alikuwa amekalia nafasi ya watu wawili. Alikuwa akimweleza mama aliyesimama kando yake kwamba Ujamaa hakufundishwa na Chama.

"Nimezaliwa nao. Nyumbani watoto wote tulikuwaga tunakula sinia moja."

Yule mama, Nyangi, mtu wa Kiriba, akauliza, "Nani alikuwaga anagawa samaki?"

"Mimi. Si ndiye mkubwa?"

"Na kichwa?"

"Cha mgawaji, mama. Ndiyo desturi."

"Sasa kijijini kwenu una kazi gani?"

"Ni mwenyekiti tu," alisema, kwa unyenyekevu uliosikika mpaka kiti cha nyuma.

"Kweli malezi hayapotei," mama akasema, naye akashukuru.

Kabla ya njia panda ya Butiama basi likazama kwenye tope. Abiria tukashuka kusukuma. Mwenyekiti alitoa kichwa dirishani akatuhimiza, "Umoja ni nguvu, ndugu zangu."

Tukamtazama. Mama Nyangi akakaza khanga, akaegemea bati la nyuma ya basi.

"Msimlaumu," alisema. "Huyo tangu azaliwe hajaonja mkia."