Kazi Aliyotaka Torika Isomwe

Mchungaji, wazee wa koo zote mbili, akina mama mliokaa kwenye mikeka ya mbele, na ninyi mliobaki nje kwenye nyasi kwa sababu hakuna aliyewaambia muingie, mimi ni Eroni Waqabaca, kaka wa mama yake marehemu, na nimesimama kuwasomea maisha ya mpwa wangu Torika Bulivou, tunayemzika leo Jumamosi tarehe 8 Juni 2024. Naomba mnivumilie, kwa sababu macho haya ni ya mzee, na tangu Jumatatu hayajakauka.

Torika aliacha ombi moja tu, kwamba kazi yake isomwe kama ilivyokuwa, na wapo ndugu wanaompenda waliotaka isisomwe, kwa hiyo mkiniona nasita mahali, mjue nimefika hapo.

Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1978 katika hospitali ya Korovou, mtoto wa pili wa marehemu Isireli Bulivou wa kule Ra na marehemu dada yangu Sereima wa hapa Nasaumatua, akimfuata kaka yake Isikeli, huyu aliyekaa hapa mbele. Kwa baba yake alikuwa mtoto kama watoto wengine, lakini hapa kwetu alikuwa vasu, mtoto wa dada, na vasu akigusa kitu kwa wajomba akasema nachukua, kitu hicho kimekwenda na hakuna wa kumkatalia. Torika aliijua haki hiyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alinichukulia jogoo, akanichukulia redio, akanichukulia shati nililofungia ndoa, akawa analivaa kwenda shambani, na tukisikia anakuja likizo mke wangu alikuwa akiniambia, "Baba, ficha sufuria, mwenye nyumba anakuja."

Alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1985 hadi 1992, kisha akaingia shule ya bweni ya wasichana, ambako alikuwa hodari wa hesabu na mbishi wa kupindukia, hadi Novemba 1995 baba yake alipofariki. Ada iliyobaki ilitosha mtoto mmoja, wazee wakakaa, ikaamuliwa iwe ya Isikeli, kwa kuwa ni wa kiume, na Torika, mbishi yule, akakunja sare zake, jambo lililonitisha kuliko kama angelia.

Februari 1996 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo pembeni mwa Suva, mji mkuu wetu, akashona mashati yanayovaliwa nchi za watu kwa miaka kumi kamili. Mlangoni walipekuliwa kifuani na mapajani asije mtu akatoka na kitambaa, chooni walikwenda kwa kunyoosha mkono na kungoja msimamizi akubali, na msichana kabla ya kuajiriwa alipimwa kwanza kama ana mimba. Vidole vyake viwili vilipitiwa na sindano ya cherehani, akafungwa kitambaa, akaambiwa amalizie shati. Mshahara ule ndio uliommalizia Isikeli chuo cha ualimu, na kila alipokuja hapa kanisani alitajwa kwa jina kama mfano wa binti mchapakazi, tukampigia makofi, mimi nikiwemo. Mwaka 2006 mwenye kiwanda aliona nchi nyingine watu wanashona kwa bei ya chini zaidi, akapakia mashine melini akaondoka, na wanawake wale wakakuta geti lina kufuli siku ya Jumatatu asubuhi.

Alifunga ndoa na bwana Semi Rokotuni tarehe 17 Aprili 1999 katika kanisa hili hili, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Alumita aliyezaliwa mwaka 2000 na Peni aliyezaliwa mwaka 2003. Bwana Semi alikwenda kuvua jodari na meli za kigeni mwaka 2004, hakurudi, na habari tulizo nazo ni kwamba yuko hai na ana familia mahali pengine, tunamtakia heri.

Sasa narudi kwenye kazi.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2006 hadi ugonjwa ulipomlaza, Torika alifanya kazi ya ngono katika mji wa Suva. Alilala na wanaume, wakamlipa, akalea watoto wake. Nimelisoma polepole ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Hakunidanganya kwamba aliipenda, aliniambia haipendi kama ambavyo hakuipenda cherehani, kwamba kwenye mitaa ile alipigwa, aliibiwa, alilala mahabusu huku mwanaume aliyekamatwa naye akiambiwa nenda nyumbani, lakini pia alisema, "Mjomba, huku nikisema hapana, mara nyingi inakuwa hapana. Kiwandani sikuwahi kusema hapana hata kwa mkojo wangu." Mwaka 2011 alikuja kwenye mchango wa kanisa, mama mmoja akasema kwa sauti ya kumfikia, "Sadaka ya mwili hiyo," na Torika akamgeukia kwa upole akamwuliza, "Mama, na mgongo wa mzee wako uliokatikia kwenye miwa ya wenyewe, ulikuwa sadaka ya nini?" Aliyecheka ni mume wake, akiwa amelala chali kwenye mkeka kwa sababu kukaa hawezi. Na kimbunga cha mwaka 2016 kilipotuacha wazi kama kuku walionyonyolewa, bati zilizotoka Suva kuezeka nyumba ya Isikeli, na nusu ya paa hili mlilokaa chini yake, zililetwa na Torika, na sikumbuki aliyeuliza zimetoka kwenye kazi gani.

Wapo wanaosema kazi ile ni kinyume cha mila zetu, nami nawauliza mila za nani. Bibi yangu aliniambia kwamba enzi zake mwanamke hakuruhusiwa kuondoka kijijini kwake bila idhini ya mkubwa aliyewekwa na serikali ya Mwingereza, na aliyekutwa mjini alirudishwa kama ng'ombe aliyepotea, maana miili yetu ilikuwa imepangiwa kazi, wengine minazi, wengine miwa, wanawake kuzaa watakaofuata. Mwingereza alishusha bendera yake mwaka 1970 akaenda kwao, akatuachia madaraja na sheria za kukamata wanawake barabarani, madaraja yameanguka, lakini sheria zile tumezitunza vizuri sana.

Naja kwenye ugonjwa, na hapa moyo wangu unauma. Mwishoni mwa mwaka 2021 alianza kutoka damu, akaenda zahanati moja ambayo sitaitaja, na mhudumu aliyekuwa mezani akamwuliza kazi yake, Torika akamjibu ukweli kama alivyozoea, na yule akairudia kwa sauti iliyofika benchi la mwisho, kisha akavaa glavu mbili mbili. Mpwa wangu, aliyekuwa haoni haya mbele ya polisi, aliona haya siku ile, akainuka akaondoka, na hakukanyaga tena mlango wa tabibu hadi Julai 2023, akijitibu kwa majani na kuvumilia. Daktari wa hospitali kuu alipompima akakuta saratani ya mlango wa kizazi imekwisha kusambaa, na aliniambia kwamba ingekuwa mwanzoni angeiondoa na Torika angeishi. Sisemi yule wa mezani alimuua peke yake, nasema alimfungia mlango, na sisi sote tulikuwa tumeuegemea mlango ule kwa upande wa ndani. Angeweza kuwa hai leo. Ningependa niseme ni mapenzi ya Mungu, lakini nimejaribu siku tano na neno hilo halitoki.

Mwezi Aprili nilimfuata wodini nimembebea supu ya samaki, nikamkuta amebaki mifupa na yale macho ya ubishi, akaniuliza, "Umeniletea nini?" nikasema supu, akasema, "Supu kunywa wewe. Mimi nachukua kitu kingine," akanyoosha mkono, akaweka kidole juu ya midomo yangu. "Nachukua kinywa hiki. Siku ya kunizika kitasoma kazi yangu yote. Usije ukaniita mfanyabiashara ndogondogo." Nikamwambia, "Torika, utaniua wewe," akasema, "Subiri zamu yako, mzee, ya sasa ni yangu," akacheka hadi nesi wa wodi akaja kumshika. Nilitoka nje nikalia kwenye ngazi za hospitali.

Alifariki Jumatatu tarehe 3 Juni, alfajiri, Alumita akiwa amemshika miguu. Kijiji cha baba yake, ambako desturi ingemzika, kilikawia kutujibu kuhusu kaburi, nasi hatukungoja, kwa maana udongo wa Nasaumatua ni wa vasu wake kama ulivyokuwa jogoo wangu.

Alhamisi Isikeli alikuja nyumbani kwangu na jino la nyangumi, tabua, akapiga magoti akaliweka mbele yangu, na wote tunajua kwamba ukilipokea umekubali jambo unaloombwa, na ukilikataa umemtukana mtu na waliomzaa. Akasema, "Mjomba, nakuomba tumzike kwa heshima. Soma kiwanda, ruka yale mengine. Simuonei aibu dada yangu, Mungu anajua, nawaogopea watoto wake." Nilimjibu, "Baba, unaniomba kitu ambacho si changu tena, mdomo huu ulishachukuliwa," na tukabaki hivyo, jino likiwa katikati yetu, mimi siwezi kulishika wala yeye hawezi kuondoka nalo.

Ndipo Alumita, aliyekuwa nyuma ya pazia akikunja nguo za mama yake, akatoka, akakaa chini mbele ya Isikeli, na kama Torika alivyokuwa vasu kwangu ndivyo Alumita alivyo vasu kwa Isikeli. Akasema, "Mjomba, sisi tunajua. Tulijua tangu shule ya msingi, watoto wenzetu walituambia kabla hatujajua kuandika. Tulikuwa tunamsubiri mama aseme, nasi turuhusiwe kusema." Kisha akaweka mkono juu ya lile jino. "Hili nachukua mimi." Isikeli aliinamisha kichwa na kupiga makofi ya kukubali, kama desturi inavyotaka, na machozi yakawa yanamdondokea mikononi. Ndilo lile mnaloliona juu ya jeneza, na aliyelifunga pale kwa kamba, asubuhi ya leo, ni Isikeli mwenyewe.

Kwa niaba ya familia nawashukuru daktari na manesi wa wodi waliomwogesha mpwa wangu kwa mikono yenye huruma, nawashukuru majirani zake wa Suva waliompikia, nawashukuru akina mama wa kijiji hiki kwa mikeka na dalo, magimbi yetu, na mchungaji aliyekubali kufungua kanisa bila kutuuliza maswali.

Wanabaki wafanyakazi wenzake. Waliuza simu zao akapata dawa za maumivu, wakalala chini ya kitanda chake kwa zamu, na leo wamekuja na mikeka yao ya rambirambi na kuketi nje kwenye nyasi, kando ya barabara, wakiongozwa na Vaciseva, rafiki yake wa tangu kiwandani. Desturi inataka niwaombe wafanyakazi wenza wasimame ili tuwaone. Lakini Vaciseva ameninong'oneza asubuhi kwamba si wote walio nje, wengine wako humu ndani, wamekaa na waume zao, na wazazi wao, wengine kwenye safu ya kwaya, na wakisimama peke yao leo, kesho hawana pa kulala.

Kwa hiyo nawaomba ninyi nyote mliomo humu msimame, mzee na mtoto, mchungaji nawe, na wewe Isikeli, na asiyeweza kusimama ainuliwe na jirani yake, na tubaki hivyo tumesimama hadi walio nje waingie na kuketi, asijue mtu yeyote nani amesimama kwa sababu gani.

Ahsanteni.

Pumzika, Torika. Hakuna anayekuhitaji kazini.